Maji Yakishapita Mita

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na humo nalo liliandikwa vibaya. Mtaani walimwita Kata. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na pale bili ilipolala bila kulipwa, ndiye aliyekuja na spana kukata. Watoto wakiiona kofia yake ya kaki inakunja kona, walikimbilia ndani kupiga mbiu, na mama zao wakajaza ndoo, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto, mpaka birika la chai. Kata alisimama kidogo nje ya geti akijifanya anafunga kamba za viatu, ili wamalize kujaza. Ukarimu wake wote ulikuwa huo, na wala hakuuhesabu kuwa ukarimu.

Kilichomfanya achukiwe hakikuwa spana. Ilikuwa sentensi moja. Mtu angemshika mkono, amwonyeshe bili yenye tarakimu nyingi kama namba ya simu, amweleze kwamba kuna bomba limepasuka chini kwa chini, kwamba hayo maji hakuyanywa wala hakuyaoga. Kata angemsikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha kama yuko ibadani, kisha angesema: "Maji yakishapita mita ni yako." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama karani anavyosema dirisha limefungwa. Alipokuwa kijana maneno hayo yalimkwama kooni. Baadaye yakawa yanatoka yenyewe, na yeye akirudi nyumbani anakula, analala, anakoroma.

Mtu hufa ganzi kidogo kidogo. Kwa Kata ilianzia ndani, na kwa kuwa mwili nao haupendi kuachwa nyuma, ikafika mpaka kwenye nyayo. Daktari alisema ni sukari, akamwandikia vidonge, akamkataza kutembea peku. Nyayo zake zilikuwa zimegeuka soli: akikanyaga kokoto hajui, akikanyaga maji hajui. Kata alimeza vidonge, na ndani ya nyumba yake akaendelea kutembea peku, kwa sababu nyumba ilikuwa yake.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na sebule, aliyoijenga kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi na kwa mikopo ambayo mkopeshaji mwenyewe alifariki ikiwa haijaisha. Sakafu aliimwaga zege nene, na mabomba aliyalaza chini yake, kwa sababu mkewe hakutaka kuona bomba ukutani. Mkewe alikuwa mshona mapazia. Mtu wa mapazia ana imani yake: kitu kibaya hakiondolewi, kinafunikwa.

Huyo mama ndiye aliyeanza kulalamika. Alisema sakafu inatoa jasho. Alisema mkeka unanuka, miguu ya cherehani inashika kutu, na siafu wamehamia kona ya sebule na jamaa zao wote. Kata aliacha chai yake, akaenda kukanyaga mahali alipoonyeshwa, akasema hasikii kitu. Na kweli hakusikia kitu. Mkewe akamwuliza mita inasemaje. Akajibu kwamba mita haina tatizo. Basi mwanamke akarudi kwenye cherehani yake, maana ukiolewa na mwuza nyama huendi kumwuliza jirani bei ya maini.

Sasa hapa ni lazima kusema jambo ambalo wasoma mita hawapendi lisemwe. Msoma mita hasomi mita ya msoma mita mwenzake. Hakuna kanuni iliyoandikwa; ni adabu tu, kama ya kutoingia chumba cha wakwe. Ukifika nyumbani kwa mwenzako unapiga hodi, unapewa maji ya kunywa, unakadiria tarakimu fulani ya heshima, si kubwa ya kumwumiza wala si ndogo ya kutia shaka, unakwenda zako. Kata alipokuwa kazini alijikadiria mwenyewe. Alipostaafu, mtaa ukachukuliwa na mtu ambaye Kata ndiye aliyemfundisha kazi, na aliyemwita Mwanafunzi mpaka akaota mvi na kupata wajukuu. Mwanafunzi naye alimkadiria mwalimu wake. Kumsomea mzee mita, alisema, ni sawa na kumpekua mifukoni. Kwa hiyo miaka ikapita, mita ikizunguka kama pia ndani ya kisanduku chake cha chuma, na juu ya kifuniko mama wa mapazia ameweka chungu cha maua.

Kisha idara ikabadilisha mita zote. Hizi mpya zinajisoma zenyewe na kutuma hesabu ofisini moja kwa moja, bila kupiga hodi, bila kunywa maji ya mtu. Mita isiyo na adabu. Bili ya kwanza ilipoingia kwenye simu, Kata alidhani wamemtumia ya hoteli.

Alikwenda ofisini, pale pale alipotumika, akapanga foleni. Dirishani alikuwepo binti aliyeajiriwa juzi, hamjui. Kata alieleza kwamba ni watu wawili tu nyumbani, wazee, hawana bwawa la kuogelea. Binti alibonyeza bonyeza, akatazama kioo chake, akasema bila kuinua macho, "Mzee, maji yakishapita mita ni yako."

Kata akaitikia kwa kichwa. Hakuona hasira, hakuona aibu. Alijipekua akakuta hamna. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba yule binti anaisema vizuri, hakosei hata pumzi.

Alifunga koki zote za nyumba, akaenda kutoa chungu cha maua na kufungua kifuniko. Namba zilikuwa zinakwenda. Alizitazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni anayejua jina lake.

Fundi bomba aliyeletwa aliitwa Sikio. Alikuwa na fimbo ya chuma ambayo upande mmoja aliusimamisha sakafuni na upande mwingine akautia sikioni, akafumba macho, akawaomba watu wasipumue kwa nguvu. Alizunguka sebule nzima hivyo. Kisha akaiweka fimbo kando, akatoa nyundo ndogo, akaanza kugonga. Karibu na ukuta ilisema ko, ko. Katikati ya sebule ikasema ndu.

"Mzee," Sikio akasema, "hapa chini hakuna kitu."

"Kitu gani hakuna?"

"Udongo."

Akaeleza. Bomba halikupasuka mwezi huu wala mwaka huu. Maji yamekuwa yakitoka pole pole miaka mingi, yakiubeba udongo punje kwa punje na kuushusha kwenye mtaro wa barabara ya chini, ambako watu walikuwa wakilalamika kwamba mtaro unajaa tope bila mvua. Kilichobaki ni zege linaloning'inia kwenye kuta. Sakafu imegeuka daraja, na daraja halikuwekewa nondo za kuwa daraja. Kuziba bomba peke yake, alisema, ni bei ya jozi ya viatu. Lakini kuvunja, kutoa kifusi, kujaza upya, kushindilia, kufunga nondo na kumwaga zege lingine, hiyo ni bei ya gari. La mtumba, akaongeza kwa huruma, lakini gari.

Kata alikuwa na pesa karibu kiasi hicho hicho. Ndiyo iliyokuwa imebaki ya kiinua mgongo chake, na ndiyo iliyokuwa uzee wao wote.

Kwenye kona, cherehani ilinyamaza. Mkewe alikunja pazia alilokuwa akishona, akainuka, akatembea akiambaa ukuta mpaka chumbani, na aliporudi alikuwa na begi.

"Siondoki kwa hasira," alisema. "Mimi ni mzito, baba. Nakwenda mahali panaponibeba."

Kata akamwuliza atarudi lini.

"Sakafu ikiwa sakafu." Akafunga zipu ya begi. "Miaka yote niliyokuuliza mita inasemaje, uliisoma?"

Kata alifikiri kidogo. Uongo ulikuwepo, ulikuwa karibu na ulikuwa mwepesi. Lakini hata kuuinua aliona kazi.

"Niliikadiria."

Mwanamke akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitegemea, akaenda kwa dada yake.

Habari haina miguu lakini hufika. Mtaa mzima ulikuja kutoa pole. Walikuja waliokatiwa maji siku ya harusi, waliokatiwa siku ya msiba, na yule mwenye saluni aliyekatiwa mteja akiwa na povu kichwani. Wakasimama mlangoni, hakuna aliyethubutu kuingia, wakaitazama sakafu kwa nyuso za watu waliokula wakashiba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walinong'onezana, na hawakunong'ona sana. Mbele yake walisema methali ya ufa na ukuta. Kila aliyekuja aliileta hiyo hiyo, ya ufa na ukuta, kama sahani za zawadi za harusi zinavyofanana. Hakuna aliyeleta saruji.

Mwanafunzi naye alikuja, akakaa verandani kofia mapajani, macho mekundu. Alisema mzee amsamehe, alikuwa anamheshimu. Kata akamwambia anajua, hata yeye alikuwa anajiheshimu. Wakanywa maji ya dukani.

Hizo siku Kata alilala verandani. Alitafuta huzuni kama mtu anavyotafuta funguo: mfuko huu, ule, tena huu. Alijaribu kumkumbuka mkewe akakumbuka mikasi yake. Alikula mkate mkavu akauona sawa na mkate wenye siagi. Alijua kwamba anataka mke wake arudi, alijua kama unavyojua mji mkuu wa nchi ambayo hujafika.

Akachagua njia ya bei ya viatu. Sikio alilikata bomba la chini likafa, akapitisha jipya nje, juu ya ukuta, likizunguka nyumba kama mshipa wa mgonjwa. Alionya kwamba shimo bado lipo palepale. Kata akampa ujira wake, akampigia mkewe simu. Alimwambia maji hayavuji tena. Mkewe akauliza, na chini? Kata akarudia kwamba maji hayavuji.

"Nimeuliza chini."

"Chini hakuonekani," alisema Kata.

Kwenye simu ikasikika cherehani ya watu. Kisha mkewe akasema ana mapazia ya ukumbi mzima ya kumaliza, wataongea.

Ndipo akaingia shemeji. Kaka wa mkewe alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, mtu wa shati la kung'aa na simu mbili, ambaye kila kitu alikiita fursa. Alikaa kwenye ukingo wa veranda, mbali na sakafu, akamweleza Kata kwamba hali ni nyepesi kuliko anavyodhani. Maji yamekauka, zege kwa juu ni zuri, zulia litanunuliwa. Mnunuzi yupo, hana maneno mengi. Pesa ya nyumba ijumlishwe na kiinua mgongo, wazee wapange vyumba viwili vizuri karibu na dada, na mkewe atarudi hata kabla kitanda hakijafungwa. "Dada yangu hataki nyumba hii, shemeji," alisema. "Anataka sakafu. Hata ya kupanga ni sakafu." Alipoona Kata anasita, akaongeza kwamba hakuna anayedanganya mtu: mnunuzi ataangalia kwa macho yake, akishaweka sahihi ni yake.

Kata aliona ni hoja safi. Alikuwa ameitumia maisha yake yote.

Wanunuzi wakaja asubuhi, mume na mke, wauza mitumba, watu wa kucheka. Mume alibaki uani akihesabu madirisha. Mke alikuwa mjamzito, mimba ya kukaribia, na alikuwa amembeba mtoto mwingine kiunoni. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, akaingia, akatembea juu ya zulia jipya mpaka katikati ya sebule, akasimama pale pale palipokuwa pakisema ndu, akigeuka geuka kutafuta mahali pa kuweka kochi. Mtoto alikuwa akirusha miguu. Mwanamke akauliza, kwa kuuliza tu, kama sakafu ni imara.

Shemeji alishafungua mdomo. Kata naye akaufungua wake, na sentensi ikaja yenyewe mpaka kwenye ulimi, imeshavaa viatu: ukishanunua ni yako.

"Mama," alisikia mdomo wake ukisema, "usisimame hapo. Njoo ukutani. Taratibu."

Mwanamke alimtazama, akautazama uso wa shemeji, akazisoma nyuso zote mbili. Akaja ukutani taratibu, mkono tumboni. Dakika chache baadaye geti lilikuwa limefungwa na wauza mitumba wamekwenda, hawacheki.

Shemeji alimwambia mambo mengi. Alimwita mjinga, akamwita mzee mwenye kichwa cha zege, akasema fursa haiji mara mbili, na kwamba kama amepata dhamira uzeeni angeipata siku ya kazi, ingemsaidia mtu. Kata aliona hilo la mwisho lina ukweli. Lakini hakuhisi dhamira yoyote. Hakuhisi kwamba ametenda wema. Mdomo umefanya ulichofanya, basi, na sasa pamebaki njia moja. Kesho yake alikwenda benki.

Kuvunja kulichukua wiki nzima ya nyundo na tindo. Vumbi lilikaa kwenye kila kitu, mpaka kwenye sabuni. Kipande cha katikati hawakukivunja: kiligongwa mara moja kikaanguka chenyewe, na sauti yake ilichelewa kidogo kurudi juu. Mafundi wakaacha kazi wakamwita mwenye nyumba aje kutazama.

Chini ya sebule kulikuwa na pango. Kuta zake zilikuwa nyeusi, laini, kama ndani ya mtungi, na harufu ilikuwa ile ile ya mtungi. Kina chake kilimfika fundi kifuani, na upana wake ulipita chini ya ukuta mpaka chumbani, chini ya kitanda. Kata alikitazama kitanda, akalitazama shimo. Halafu, bila kumwambia mtu, akashuka.

Akasimama humo, mabega sawa na sakafu yake, akiona miguu ya meza iliyotolewa verandani kwa usawa wa macho. Maji yaliyobaki yalikuwa yanamfika vifundoni.

"Toka, mzee," Sikio akamwambia, "maji hayo ni barafu."

"Barafu?" aliuliza Kata. Akainama akayatia mkono. Vidole vilikuwa bado na habari: kweli yalikuwa baridi, baridi ya kuuma. Alivitazama vidole, akaitazama miguu, ambayo ilikuwa imesimama mle kama ya mtu mwingine. Mkewe alikuwa ametembea peku juu ya sakafu hii miaka yote hiyo, kwa nyayo zinazosikia.

Malori yakaja na kifusi, yakaja na kokoto, yakaja na mchanga. Kiinua mgongo kilimiminwa shimoni koleo kwa koleo, na hapo kwa mara ya kwanza tangu kilipwe kikainua kitu. Kilipofika juu kikashindiliwa, nondo zikafungwa, zege likamwagwa usiku haujaingia. Pesa iliisha kabla ya kupaka saruji laini. Sakafu ikabaki na uso wa kukwaruza, ya kijivu, kama shavu la mtu asiyenyoa.

Sikio aliacha maagizo kwamba zege jipya linywe maji asubuhi na jioni, lisipasuke. Asubuhi iliyofuata Kata alikuta mkewe yuko mlangoni na ndoo. Hakusema amekuja kwa nini, na hapakuwa na haja: mtu aliyeishi na Kata asingemwachia Kata kazi ya kumwagilia. Alimwaga kwa kopo, sawasawa, mpaka kwenye kona, kama anayepiga pasi. Kisha akaenda zake. Jioni akarudi. Ikawa hivyo. Waliongea habari za kopo na ndoo. Siku moja alimwambia kwamba yule mama mwuza mitumba amejifungua salama, msichana. Kata akasema ahaa. Mkewe akamtazama kidogo kuliko kawaida, au zaidi kuliko kawaida, hakujua.

Zege lilipokwisha kukauka alikuja mchana, bila ndoo. Alikuwa amevaa viatu vyake vya sherehe, vya visigino vigumu. Hakukaa, hakuomba maji. Aliingia sebuleni, akaanza kutembea kutoka ukuta hadi ukuta, akizipiga hatua kwa kisigino, anasimama, anasikiliza, anasogea. Kata alibaki kizingitini ameshika fremu ya mlango. Ko, ko, ko. Alipofika katikati alisimama, akajiinua kwenye ncha za vidole, akajiachia kwa uzito wake wote, na uzito ule haukuwa wa utani. Sakafu ikasema ko. Akaingia chumbani, huko pia ikasikika, polepole, mpaka kwenye ukuta wa mwisho.

Alitoka, akasimama mbele ya mumewe. Akayatazama yale makabati, godoro, meza na mabeseni yaliyokuwa yamerundikwa verandani chini ya turubai.

"Tuanze na vizito," alisema. "Shika kabati huko."

Kata akashika. Alijaribu kuona furaha, maana alijua ndipo mahali pake. Akakuta kabati, na lilikuwa zito, na mkewe upande wa pili alikuwa tayari anamwambia asilikokote, alinyanyue.